Saa inayopotea Gatuna hairudi Kigali: Somo la mbio za baiskeli kwa wanaovuka mipaka

MBARARA, Uganda

Kabla jua halijapanda, barabara zinazotoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, huwa tayari zina baiskeli. Si baiskeli za mashindano. Hizi hazina gia, na nyingi zimechomelewa zaidi ya mara moja. Moja imefungwa mikungu ya ndizi pande zote mbili za tairi la nyuma hadi mwenyewe hana pa kukaa, anaisukuma kwa miguu. Nyingine ina gunia la mkaa. Nyingine ina madumu ya maji yaliyopangwa nyuma na kufungwa kwa mpira wa tairi kuukuu.

Dumu moja la lita 20 likijaa lina uzito wa kilo 20. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Baiskeli, UCI, zinasema baiskeli ya mashindano ya barabarani isipungue kilo 6.8. Kwa hiyo kijana anayebeba dumu moja tu Nakivale amebeba mzigo unaokaribia uzito wa baiskeli tatu za mabingwa wa dunia, na mara nyingi habebi dumu moja.

Kutoka Nakivale hadi jiji la Mbarara ni kama kilomita 60. Hakuna anayempimia muda mtu anayezimaliza. Lakini kusini mwa hapo, ng'ambo ya mpaka wa Gatuna, kila mwaka hufanyika mashindano ambayo kazi yake yote ni kupima muda: Tour du Rwanda, mbio za baiskeli za siku nane zinazozunguka milima ya Rwanda na kuvuta timu kutoka Afrika, Ulaya na kwingineko.

Wafanyabiashara wengi wa Mbarara wanayafahamu mashindano hayo kwa jambo moja tu: siku ambayo barabara imefungwa na gari la mzigo limesimama. Wachache wamewahi kuelezwa yanavyohesabiwa. Ni hasara, kwa sababu hesabu yake ni ile ile ambayo mfanyabiashara wa mpakani huifanya kila mwisho wa mwezi.

Ushindi ni jumla, si siku moja

Mbio za aina hii huitwa mbio za hatua. Mashindano hugawanywa kwa siku, na kila siku ni hatua yenye mji wa kuanzia na mji wa kumalizia. Kila hatua ina mshindi wake, anayepanda jukwaani na kupigwa picha. Lakini bingwa wa mashindano hapatikani kwa kuhesabu nani ameshinda siku nyingi. Muda ambao kila mwendeshaji ametumia katika kila hatua huandikwa na kujumlishwa. Mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye anayevaa jezi ya njano, na atakayebaki nayo siku ya mwisho ndiye bingwa.

Tuchukue mfano. Mwendeshaji wa kwanza anashinda hatua tatu, kila moja kwa sekunde tano. Amejiwekea sekunde 15. Siku ya nne kuna mlima mrefu, miguu inamkataa, na mwenzake anamwacha kwa dakika moja. Hata kama siku zote zilizobaki watafika pamoja, yule wa kwanza atakuwa nyuma kwa sekunde 45, pamoja na ushindi wake wote mitatu. Mwenzake anaweza kuwa bingwa kwa kushinda siku moja tu. Anaweza hata kuwa bingwa bila kushinda hatua yoyote, mradi hakupoteza vibaya siku yoyote.

Kuna nyongeza ndogo. Katika mashindano mengi, wa kwanza kufika hupunguziwa sekunde 10 kwenye muda wake, wa pili 6, na wa tatu 4. Pia wanaofika kwa pamoja katika kundi moja huandikiwa muda mmoja, hata kama kundi lina watu 80 na wa mwisho amefika mita nyingi nyuma ya wa kwanza. Ndiyo maana waendeshaji huogopa sana kuachwa na kundi. Pengo dogo likifunguka mbele yako, umetoka kwenye muda wa wenzako na umeanza kuhesabiwa peke yako.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Tour de France ya mwaka 1989. Baada ya wiki tatu na zaidi ya kilomita 3,200, Mmarekani Greg LeMond alianza siku ya mwisho akiwa nyuma ya Mfaransa Laurent Fignon kwa sekunde 50. Hatua hiyo ilikuwa fupi, kilomita 24.5 za kuingia Paris, kila mtu akikimbia peke yake dhidi ya saa. LeMond aliishinda, na alipojumlishiwa siku zote alikuwa mbele kwa sekunde nane. Wiki tatu za jasho zikaamuliwa na muda ambao mtu hutumia kufunga mlango wa gari na kuwasha injini.

Mama anayetoa nyanya Isingiro na kuzipeleka ng'ambo ya mpaka anaijua hesabu hii bila kufundishwa. Anaweza kuuza vizuri Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Alhamisi gari likilala mpakani kwa sababu ya karatasi moja, anamlipa dereva siku ya ziada, anamlisha utingo, na nyanya za chini zinaanza kuvuja maji. Faida ya siku tatu imeliwa na usiku mmoja. Saa iliyopotea Gatuna haimsubiri Kigali ili airudishe.

Kila barabara na mtu wake

Hatua hazifanani, na waandaaji huzipanga makusudi ili zisifanane. Kuna hatua za tambarare, ambapo kundi kubwa hufika pamoja na wenye mbio kali za mita 200 za mwisho ndio wanaogombea. Kuna hatua za milima, ambapo wepesi wa mwili na mapafu ndivyo vinavyoamua. Kuna hatua za mtu mmoja mmoja dhidi ya saa. Rwanda, nchi ya vilima elfu, haina tambarare nyingi za kutoa. Hatua moja ya mwaka 2019, kutoka Huye hadi Rubavu, ilizidi kilomita 200, na karibu yote ilikuwa ni kupanda na kushuka.

Kwa kuwa barabara hazifanani, zawadi nazo hazifanani. Mbali na jezi ya njano ya muda wa jumla, kuna jezi ya anayekusanya pointi kwenye vilele vya milima, kuna ya anayekusanya pointi kwenye mistari ya kumalizia, na kuna ya kijana bora. Mtu asiye na matumaini ya jezi ya njano bado ana biashara yake ya kufanya.

Waafrika wamezijua jezi hizi kwa karibu. Daniel Teklehaimanot wa Eritrea alishinda Tour du Rwanda mwaka 2010. Miaka mitano baadaye, mwaka 2015, alivaa jezi ya mfalme wa milima katika Tour de France, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka 2024 Mweritrea mwenzake, Biniam Girmay, alishinda hatua tatu za Tour de France na kwenda nyumbani na jezi ya kijani ya pointi. Hakuwa bingwa wa jumla, wala hakuufukuzia ubingwa huo. Alichagua soko lake, akalimiliki.

Kwa upande wa Afrika Mashariki, jina linalotajwa mara nyingi ni la Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kuanza kujifunza mchezo huu chini ya Mkenya David Kinjah huko Kikuyu. Akiwa na uraia wa Uingereza, alishinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Mwaka 2023, akiwa amepita kilele chake, alirudi katika kanda hii na kushiriki Tour du Rwanda. Mshindi mwaka huo alikuwa Mweritrea, Henok Mulubrhan.

Wabeba maji wa kulipwa

Mtu anayetazama mbio hizi kwa mara ya kwanza kwenye televisheni ya hotelini huuliza swali moja: mbona watu zaidi ya mia wanakwenda pamoja kwa saa tatu bila mtu kuondoka?

Jibu ni upepo. Anayekaa nyuma ya mgongo wa mwenzake huweza kuokoa hadi theluthi moja ya nguvu zake. Anayetoka peke yake mbele hulipa gharama yote ya upepo mwenyewe. Ndiyo sababu mchezo unaoonekana wa mtu mmoja ni mchezo wa timu. Kila timu ina kiongozi anayelindwa. Wenzake humkinga upepo, humpa tairi lao likimpata pancha, hurudi nyuma kwenye gari la timu kuchukua chupa za maji na kuzipeleka mbele zikiwa zimejaa ndani ya jezi. Hawa hufika mstarini wamechelewa na majina yao hayatajwi. Wanalipwa kwa kazi hiyo.

Kwa kijana wa Nakivale anayepeleka madumu nyumba kwa nyumba, habari kwamba kuna watu Ulaya wanaoishi kwa kubeba maji juu ya baiskeli huwa ya kuchekesha kwanza, halafu ya kufikirisha.

Lakini mbeba maji naye hana uhuru wa kuchelewa atakavyo. Kila hatua ina muda wa mwisho, unaopigwa kwa asilimia juu ya muda wa mshindi. Anayeuvuka hafutiwi siku hiyo tu, anatolewa mashindanoni. Kwa hiyo siku za milima utaona kundi la nyuma likishirikiana, timu pinzani zikipokezana upepo, lengo likiwa moja tu: kufika kabla geti halijafungwa. Wanaowahi mpaka jioni wanaijua hali hiyo.

Februari ya 2019

Tour du Rwanda ilianza mwaka 1988. Mwaka 2009 iliingia rasmi kwenye kalenda ya UCI ya Afrika, na kuanzia 2014 hadi 2018 Wanyarwanda waliishinda miaka mitano mfululizo: Valens Ndayisenga mara mbili, na Jean Bosco Nsengimana, Joseph Areruya na Samuel Mugisha mara moja kila mmoja. Mwaka 2019 ilipandishwa daraja, ikahamia mwezi Februari, na timu kubwa za Ulaya zikaanza kuja.

Toleo hilo la kwanza la daraja jipya lilianza Kigali Februari 24, 2019. Kabla halijamalizika Machi 3, jambo lingine lilitokea kwenye barabara ile ile iendayo kaskazini. Mwisho wa Februari, malori yaliyofika Gatuna yakitokea Kabale yalizuiwa. Rwanda ilisema kuna ujenzi wa kituo cha pamoja cha mpakani na kuyaelekeza malori Kagitumba, lakini raia wake nao walizuiwa kuvuka kwenda Uganda, na nyuma ya ujenzi kulikuwa na mvutano wa serikali mbili ambao kila mtu aliujua.

Kwa hiyo wiki moja ilikuwa na picha mbili. Ndani ya Rwanda, dunia nzima ilikaribishwa kwa baiskeli, na Merhawi Kudus wa Eritrea akatwaa ubingwa. Mpakani, mtu mwenye mafungu ya kitenge na kreti za mayai alirudishwa alikotoka.

Mfungo huo haukuwa wa wiki. Ulidumu karibu miaka mitatu, na katikati yake likaja janga la korona lililofunga hata mipaka iliyokuwa wazi. Mauzo ya Uganda kwenda Rwanda yaliporomoka. Kabale na Katuna zilipoteza wateja, na Mbarara, ambako barabara za Kampala, Kongo, Rwanda na Tanzania hukutana, ilihisi pengo hilo katika saruji, maziwa, vyakula na nguo. Gatuna ilifunguliwa tena Januari 31, 2022. Wiki tatu baadaye, Februari 20, Tour du Rwanda ikaanza tena.

Mashindano yenyewe hayakusimama katika miaka hiyo yote. Mwaka 2020 yalifanyika kabla tu ya korona. Mwaka 2021 yalisogezwa hadi Mei. Baiskeli ziliendelea kuzunguka ndani ya mipaka ya nchi moja wakati mizigo ya jirani imesimama nje ya geti. Hilo si kosa la mchezo. Lakini linaonyesha kwamba mbio zinazoitwa za kimataifa zinaweza kufana bila mpaka hata mmoja kuvukwa.

Na si mpaka wa Uganda peke yake. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda. Januari 2025 vita vya mashariki mwa Kongo vilifika Goma, mji uliopakana na Rubavu, na wiki chache baadaye timu ya Ubelgiji ya Soudal Quick-Step ilitangaza kwamba haitaleta waendeshaji wake Tour du Rwanda kwa sababu za usalama. Mashindano yaliendelea, na Mfaransa Fabien Doubey akawa bingwa. Siku ya mwisho mvua kubwa ilisimamisha hatua ya Kigali, na ubingwa ukaamuliwa kwa hesabu iliyokwisha kuandikwa siku zilizotangulia.

Barabara ikifungwa kwa ajili ya baiskeli

Septemba 2025, Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Hayo hayakuwa mbio za hatua. Ubingwa uliamuliwa kwa siku moja. Mslovenia Tadej Pogačar alishinda mbio za wanaume Septemba 28, kilomita 267.5 zenye kupanda tena na tena kilima cha mawe cha Kimihurura. Walioanza walizidi mia moja na sitini. Waliomaliza walikuwa 30.

Kwa mfanyabiashara, siku kama hizo zina pande mbili. Mji unaopokea mbio hujaza vyumba vya kulala, migahawa na magari ya kukodi. Timu moja haiji na waendeshaji tu. Inakuja na makanika, daktari, wakandaji, madereva na msimamizi. Nyuma yao kuna waamuzi, waandishi na wapiga picha. Hatua inapoondoka asubuhi, msafara wote huo unahamia mji mwingine kabla ya usiku, ukihitaji chakula, mafuta na mahali pa kufulia nguo.

Upande wa pili ni barabara. Polisi huifunga kabla msafara haujafika na kuifungua baada ya gari la mwisho kupita. Mwenye mzigo wa maziwa au samaki akikwama katikati hana wa kumdai. Waliozoea wana kanuni tatu. Ya kwanza: kujua ratiba mapema, kwa sababu njia na saa za kupita hutangazwa kabla ya mashindano. Ya pili: kupitisha mzigo unaoharibika usiku wa kuamkia siku hiyo, au kuuzungusha njia nyingine. Ya tatu: mwenye chai, maandazi, maji au miavuli asikae tambarare. Aende kwenye kilima. Tambarare kundi hupita kwa sekunde chache na watu wanatawanyika. Kilimani waendeshaji hupungua mwendo, hukatika vipande vipande, na watazamaji hukaa saa nyingi wakisubiri wa mwisho.

Hata Tour de France yenyewe ilizaliwa dukani. Mwaka 1903 gazeti la Ufaransa la L'Auto, likishindana na gazeti pinzani, lilibuni mbio za hatua sita kuzunguka nchi ili watu wanunue gazeti kujua jana kumetokea nini na kesho kutatokea nini. Mauzo yakapanda. Gazeti lilichapwa kwenye karatasi ya njano, na jezi ya kiongozi ikapata rangi hiyo mwaka 1919.

Ulaya ilivyovusha mbio mpakani

Mwaka 1992, nchi za Ulaya zilitia saini Mkataba wa Maastricht uliounda Umoja wa Ulaya. Mwaka huo huo waandaaji wa Tour de France walichora njia isiyokuwa ya kawaida. Mbio zilianzia San Sebastián, Hispania, zikapita Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi, Ujerumani, Luxembourg na Italia. Nchi saba katika mashindano ya nchi moja. Mhispania Miguel Induráin alishinda, lakini jambo lililotazamwa na watu wa kawaida kando ya barabara lilikuwa jingine: baiskeli zikipita kwenye vibanda vya forodha bila kusimama.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina ushuru wa pamoja wa forodha, ina soko la pamoja, na ina utaratibu rahisi wa biashara unaomruhusu mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Kimarekani kuvuka kwa cheti chepesi cha uasili wa bidhaa. Uganda, Kenya na Rwanda zimekubaliana tangu 2014 kwamba raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa. Mbio zinazoanza nchi moja ya Jumuiya na kumalizikia nyingine zingekuwa mtihani wa wazi wa makubaliano hayo, mbele ya kamera.

Barabara ipo. Mbarara hadi Kabale ni kama kilomita 145, umbali wa hatua kamili, ukianza kwenye malisho ya ng'ombe, kupita Ntungamo na kuishia kwenye vilima vya baridi. Siku inayofuata ingekuwa fupi na kali: Kabale, Katuna, Gatuna, kisha karibu kilomita 80 hadi Kigali, karibu na Gicumbi, mji ambao Tour du Rwanda inaufahamu vizuri.

Kazi ingekuwa kwenye mambo madogo. Uganda gari hupita kushoto, Rwanda kulia. Waendeshaji, kwa kuwa barabara imefungwa, hutumia upana wote na hawangejali. Lakini msafara wa magari ya timu, pikipiki za kamera na gari la wagonjwa ungelazimika kubadilisha upande katikati ya mbio, mahali ambapo malori hupanga foleni. Masafa ya redio za mawasiliano yangehitaji vibali viwili. Polisi wa nchi mbili wangelazimika kukabidhiana kundi bila kulisimamisha. Mashirikisho mawili ya baiskeli yangelazimika kukubaliana nani mwandaaji mbele ya UCI. Na maofisa wa uhamiaji wangelazimika kugonga mihuri ya watu wote usiku uliotangulia, kwa sababu saa ya mbio haisimami kwenye dirisha la pasipoti.

Kila moja kati ya hayo ni jambo ambalo wafanyabiashara wa Gatuna wamekuwa wakiliomba kwa ajili ya mizigo yao. Kinachoweza kupangwa kwa baiskeli mia moja kwa siku moja hakiwezi kusemwa hakiwezekani kwa lori la mahindi.

Nakivale: miguu ipo, karatasi ni hesabu nyingine

Nakivale ilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia nchi yao. Leo ina Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengine, na Kiswahili kinatembea sokoni kuliko lugha nyingi za makaratasi. Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, Somalia mwaka 2024. Nakivale walikuwa wamekwisha kuuziana mboga na vocha kabla ya hapo.

Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, kufanya biashara na kutembea ndani ya nchi. Ndiyo maana baiskeli zinafika Mbarara. Mpakani mambo hubadilika. Kitambulisho cha mkimbizi si kitambulisho cha taifa. Mkongo wa Nakivale anatoka nchi ya Jumuiya, anaishi nchi ya Jumuiya, lakini ili avuke Gatuna kihalali anahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi, ambayo ina maombi yake, gharama yake na kusubiri kwake. Mfanyabiashara mkimbizi hubaki kumtegemea mwenyeji amvushie mzigo, na mwenyeji huyo hakati kidogo.

Mwendesha baiskeli angekutana na ukuta huo huo, pamoja na mwingine wa fedha. Baiskeli ya mashindano ya kiwango cha juu hugharimu dola elfu kadhaa. Uganda imeanza kulea vijana: Masaka, mji ulio kwenye barabara ya Kampala kwenda Mbarara, ina klabu ya baiskeli, Masaka Cycling Club, ambayo imetoa waendeshaji waliovaa jezi ya taifa. Jezi ya taifa, hata hivyo, inahitaji taifa.

Njia nyingine imeshafunguliwa, ingawa ni nyembamba. Tangu michezo ya Rio ya mwaka 2016 kuna Timu ya Olimpiki ya Wakimbizi. Mwaka 2024, jijini Paris, Eyeru Gebru, mwendesha baiskeli aliyeondoka Tigray, Ethiopia, alishindana katika mbio za barabarani za wanawake akiwa na timu hiyo. Lakini Gebru alikuwa mwendeshaji wa kimataifa kabla hajawa mkimbizi. Kijana aliyekulia Nakivale angelazimika kuanza upande wa pili: kuwa mkimbizi kwanza, kisha kutafuta tairi jembamba, kocha, mashindano ya kwanza na hati ya kuyafikia.

Neno bodaboda lenyewe lilianzia mpaka wa Kenya na Uganda. Miaka ya sitini na sabini, vijana wa Busia walibeba watu na mizigo kwa baiskeli kuwavusha kati ya vituo viwili vya forodha, wakinadi kwa Kiingereza cha mkato: kutoka mpaka hadi mpaka. Pikipiki zilikuja baadaye na kulirithi jina. Mwanzo wa usafiri huu ni baiskeli iliyovuka mpaka.

Jioni, barabara ya Isingiro hugeuka upande. Baiskeli zilizokwenda Mbarara na ndizi hurudi na sabuni, chumvi, mafuta ya kupikia na betri za redio. Mzigo wa kurudi ni mwepesi, na kwenye mteremko vijana huacha pedeli, huinamisha vichwa na kuachia breki. Wakifika chini hugeuka kutazama nani yuko nyuma na kwa umbali gani. Kisha huanza kupanda tena, kwa sababu kesho kuna safari nyingine, na ya leo imeshahesabiwa.